Siku Niliyopanga Foleni na Gitaa Langu

Jamani, hili jambo nimelificha mwaka mzima, na pale ofisini Mtumba wapo wengi wanaoamini kwamba gitaa langu liliibiwa kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia hivyo, kwa hiyo leo natubu mambo mawili kwa mpigo, uongo na ile aibu yenyewe, na nawaomba mkicheka mcheke taratibu maana kidonda bado kibichi. Gitaa halikuibiwa. Nililitoa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, mbele ya kanisa zima, huku natabasamu, na nikasema Amina mara tatu.

Nianze na fundi, maana bila kumjua fundi mtaniona nalilia ubao. Dodoma mjini kuna mzee anaitwa Fundi Ndahani, ana banda la mabati nyuma ya nyumba yake, na humo ndani anatengeneza magitaa ya umeme kwa mkono. Sisemi kukarabati, nasema kutengeneza: mwili wa mninga anauchonga mwenyewe, zile sumaku zinazoshika sauti ya nyuzi anazizungushia waya mwembamba wa shaba aliouchopoa kwenye mota za feni zilizokufa, na akimaliza kabisa anapasha chuma moto na kupiga chapa ndogo ya ndege kanga kwenye kichwa cha gitaa. Nikiwa shule ya msingi, kwaya moja ya mjini ilikuja kijijini kwetu, upande wa Bahi, na mpigaji wao alikuwa na gitaa lenye kanga, na mimi niliyetumwa kuwapelekea wageni maji nikasimama na ndoo kichwani mpaka wimbo ukaisha, maji yananichuruzika mgongoni na mwalimu ananiita sisikii. Tangu siku hiyo magitaa mengine yote, hata yale ya nje yanayong'aa kama gari la waziri, nikiyaona nayapita tu.

Nikakua, nikasoma, nikapata kazi ya masijala kwenye wizara moja pale Mtumba, mji wa serikali Dodoma (kazi ya kutafuta majalada ambayo bosi anayo mezani kwake), na mshahara ulipoanza kueleweka nikaenda kwa Fundi Ndahani nikamwambia shikamoo, nataka gitaa. Akaniangalia. Mikono yangu akaigeuza kama daktari, akaniuliza najua kupiga nini, nikamwambia najifunza kwa gitaa la kuazima, akaniuliza swali moja tu la maana: "Utakaa nalo, mwanangu? Mimi sitengenezi gitaa la kuhamahama." Nikamwambia fundi, hili nitazikwa nalo. Akasema sawa, subiri, kuna watu mbele yako, na macho yangu haya hayaendi tena haraka, sidhani kama nimebakiza magitaa mengi.

Nikasubiri miezi kumi na minne. Nilikuwa nikitoka kazini napitia bandani kwake kuangalia limefika wapi, mara ni ubao, mara lina kiuno, mara lina shingo, na siku aliyopiga ile chapa alinipa mimi nishike koleo la pili, nikanusa mninga unaungua, na sikuona haya kulia.

Sasa mama yangu. Mama anaishi peke yake kule kijijini, analima mpunga kidogo, na habari ya gitaa hakuipenda hata chembe. Kwake gitaa la umeme ni mambo ya baa, na mtoto wa kike kubeba gitaa la umeme ni mambo ya baa mara mbili, na kwa miezi yote ile nikimpigia simu nikitaja gitaa ananiuliza hali ya hewa ya mjini. Kwa hiyo lilipokamilika nikapanga jambo langu kwa akili sana (mnajua ninapopanga kwa akili huwa inakuwaje). Nitalipeleka nyumbani Sikukuu ya Mavuno, liombewe kanisani, halafu nipige wimbo mmoja na kwaya, mama aone kwa macho yake kwamba chombo kimetakaswa, yaishe. Nikampigia Mwinjilisti Yona wa kanisa letu, akakubali vizuri tu, akasema nije nalo, baada ya matangazo tutaliombea. Nikamwalika na Fundi Ndahani, akasema atakuja alisikie likilia mbele za watu.

Mpaka hapo hamna kosa. Jumapili ikafika nimelibeba ndani ya mfuko mpya mweusi, nimevaa gauni la kitenge, nikaenda kukaa na kwaya. Na kwaya yetu inakaa nyuma ya nguzo. Kutoka pale kwenye benchi nilikuwa naonekana na watu sita, na wanne kati yao walikuwa wanasinzia. Na mimi nisiwadanganye, nilitaka kuonekana. Nilitaka wale niliosoma nao, wenye watoto watatu watatu sasa, wanione mimi na kanga wangu.

Ukafika wakati wa kutoa mavuno. Kama hamjawahi kuona kwetu, watu hawakai wakapitishiwa kikapu, wanatoka na kile walichovuna, wanapanga foleni tangu mlangoni, ngoma inapigwa, wanakwenda mbele wanacheza polepole: huyu kajitwika debe la mpunga, huyu kakumbatia maboga, yule kafunga jogoo miguu, mwingine anavuta mbuzi asiyetaka kuokoka. Kila mtu kanisani anageuka kutazama. Na mimi nikaona, aa, njia si hii hapa, badala ya kusubiri matangazo niitwe nitoke nyuma ya nguzo kama mshtakiwa, nikalitoa gitaa kwenye mfuko, nikaingia kwenye foleni. Huo ndio uamuzi wangu. Mdogo, hauchukui hata sekunde mbili. Nikapanga foleni.

Nilipita katikati ya kanisa nimelishika gitaa mikononi kama mtoto wa ubatizo, mninga unang'aa, watu wanainuka kwenye mabenchi, na nilipofika mbele nikaliweka kwenye ngazi ya madhabahu, kati ya gunia la mpunga na yule jogoo. Mtu yeyote aliyezaliwa kwetu anajua, mtoto mdogo anajua, kwamba kilichopita kwenye foleni ile kikawekwa kwenye ngazi ile siku ya mavuno si chako tena. Hata mimi nilijua. Lakini kichwani kwangu jambo lilikuwa limeshapangwa na Mwinjilisti Yona, kwa hiyo nikaona mimi nina utaratibu wangu maalumu. Asubuhi ile Mwinjilisti alikuwa ameitwa haraka kwenye msiba kijiji cha pili, na ibada ilikuwa mikononi mwa mchungaji mgeni kutoka mbali, mtu mzima, mpole, ambaye nilidhani ameachiwa habari zangu, kumbe hakuna aliyemwambia lolote kuhusu mimi.

Mchungaji mgeni akalitazama gitaa. Akainama akaligusa, akauliza, "Nani ameleta hiki?"

Nikanyoosha mkono, tena nikasimama kwa vidole. Akaniita mbele. Moyoni nikasema ndiyo, sasa ananiombea, na nikapiga magoti pale pale karibu na jogoo.

"Bwana, tunakushukuru kwa mikono iliyokitengeneza chombo hiki," akasema. Nikasema Amina.

"Tunakushukuru kwa binti huyu uliyempa nguvu na kazi." Nikasema Amina, hiyo niliipaza kidogo.

"Na tunakushukuru kwa moyo wake wa kuachilia kitu anachokipenda kuliko vyote. Pokea sadaka hii."

Amina ya tatu ilishatoka mdomoni kabla masikio hayajafikisha habari. Nikabaki nimepiga magoti, mdomo wazi, namtazama jogoo na jogoo ananitazama. Nikamsikia Mzee Mathayo, mzee wa kanisa anayeandika sadaka, anarudia taratibu kwenye daftari lake: jogoo mmoja, gitaa moja, maboga manne.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Najua. Nimejiambia mara elfu. Mchungaji, samahani, mimi nililileta liombewe tu: maneno sita, na hakuna ambaye angenimeza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini kabla sauti haijatoka, kutoka upande wa akina mama kikalia kigelegele kimoja kirefu ambacho ningekitambua hata usingizini, nikageuka, na mama yangu, mama huyu asiyetaka kusikia neno gitaa, anakuja mbele anacheza, anatikisa mabega kwa mtindo wetu wa Kigogo, kanga amevua kiunoni, akanifunika nayo mabegani, machozi yanamtoka. Akina mama wengine wakamfuata. Kanisa zima likasimama. Mchungaji akawa anapiga makofi. Niambieni nyie, mngesema nini hapo?

Nikacheza.

Bado nilikuwa na tumaini moja, nalo ni mnada. Mavuno yakishatolewa, baada ya ibada yananadiwa nje kwenye uwanja wa kanisa, na nikajipa moyo kwamba nitalinunua gitaa langu mwenyewe kimyakimya, litakuwa limeshaombewa na mama ameshafurahi, hakuna aliyepoteza kitu. Nilikuwa na fedha kwenye simu niliyoitunza kwa ajili ya kununua spika. Nikajiona nimeliweza.

Mnada unaendeshwa na huyo huyo Mzee Mathayo, ambaye maisha yake yote amenadi kuku na madebe. Akawasalimu watu, "Mbukwenyi," wakaitikia, akauza mpunga, akauza mbuzi, akafika kwenye gitaa, akalishika kitakoni akalinyanyua juu, kichwa chini, kama anavyoshika jogoo, akalitikisa ili watu waone kwamba ni zima.

"Hili hapa halili pumba na halihitaji banda," akasema. "Nani anaanza?"

Akaanza Bwana Sudi mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Bwana Sudi ni Mwislamu, lakini mnada wa mavuno hajawahi kukosa, majogoo wake wote wametoka kwetu. Akataja bei. Nikataja ya juu yake. Watu wakageuka wakashangilia, kwa sababu mtu kununua tena sadaka aliyoitoa mwenyewe kwetu ni kutoa mara mbili, ni uungwana mkubwa, na Bwana Sudi naye akacheka akapanda tena, akisema hawezi kushindwa na mtoto wa juzi. Nikapanda. Akapanda.

Katikati ya kupandishana huko bodaboda ikasimama kwenye ua. Akashuka Fundi Ndahani, amevaa koti la suti na kofia, amejaa vumbi la njia yote kutoka mjini, anatabasamu, anatega sikio upande wa kanisa kama mtu anayetarajia muziki. Kisha akaona. Hakuona vizuri mwanzoni, macho yale, akasogea, akasogea tena, mpaka akafika mahali ambapo aliweza kuiona chapa ya kanga iliyogeuzwa chini inaning'inia kwenye mkono wa Mzee Mathayo. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukisawijika namna ile. Tabasamu halikuondoka, lilisahauliwa tu pale mdomoni, huku macho yakinitafuta kwenye umati, yakanipata nimenyoosha mkono kwenye mnada.

Nikachanganyikiwa. Nikataja kila nilichokuwa nacho kwenye simu, ya spika, ya nauli, ya chakula cha mwezi. Bwana Sudi akainua mikono, akasema, "Mwacheni, huyu ana jambo lake." Mzee Mathayo akahesabu mpaka tatu. Likawa langu. Jamani, nikatuma ile fedha, nikaenda nikalipokea, nikaligeuza kichwa juu, nikalikumbatia kifuani, na nikageuka nimkimbilie fundi nimweleze yote.

Sasa kwenye mnada wetu kuna desturi nyingine, ambayo ni nzuri sana isipokuwa siku hiyo. Mtu anaweza kununua kitu halafu akasema, nimenunua, namtunuku fulani. Hasa mgeni wa heshima. Ndivyo wachungaji wanavyorudi kwao na kuku. Nilikuwa nimepiga hatua tatu tu kuelekea kwa fundi nikasikia nyuma yangu sauti ya mama, imetulia, inasikika mpaka barabarani.

"Mwanangu Damari amelinunua," akasema, "na anamtunuku mchungaji wetu mgeni."

Kelele zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Mchungaji alikuja na mikono yote miwili, anatikisa kichwa kwa kuguswa, akasema katika miaka yote ya utumishi hajawahi kupewa kitu cha namna hii, na kwaya yake haina gitaa hata moja, na nikaiona mikono yangu, sijui nani aliiamuru, inamkabidhi. Gitaa langu la kwanza. Nililipiga siku mbili, tena bila spika.

Fundi akanifuata kando ya gari la mchungaji. Nikasema shikamoo. Hakuitika.

"Wewe ndiye uliyelitoa?" akaniuliza.

Mama alikuwa upande mmoja, mchungaji upande mwingine, na akina mama wote wananitazama kwa upendo. Nikasema, "Ndiyo, fundi."

Nilitamani anitukane. Badala yake akaenda kwenye buti la gari, pale gitaa lilipokuwa limelazwa chini ya maboga, akamwomba mchungaji ruhusa, akaondoa maboga moja baada ya jingine, kisha akalegeza nyuzi zote sita, taratibu, kwa kupapasa, akimweleza mchungaji kwamba joto la ndani ya gari likikuta nyuzi zimekazwa linapinda shingo. Akalifunika na koti lake la suti. Akapanda bodaboda yake akaenda bila kunitazama, amebaki na shati.

Nyumbani sikula. Mama akapika ugali na mlenda, akaniwekea, nikautazama tu, na mwishowe nikamwambia ukweli wote, kwamba sikulitoa, nililipeleka liombewe, na kwamba ameligawa gitaa langu mbele ya macho yangu. Nilitegemea ashike mdomo, apige yowe, akimbilie kanisani. Aliendelea kumega ugali.

"Nilijua," akasema.

Nikamwambia mama, ulijua nini.

"Nilijua si sadaka. Amina yako ya tatu ilikatika katikati, mimi ndiye niliyekuzaa, nitashindwaje kujua? Na kule nje nilikuona unavyolikumbatia."

Nikamuuliza, sasa mama, kama ulijua, kwa nini? Ni kwa sababu hulipendi gitaa?

Akafikiri kwa kweli, nilimwona anafikiri. "Ile ya kwanza nilipiga vigelegele kwa furaha, nikiwa sijakuona uso," akasema. "Nilipokuona nilikuwa nimeshaanza kucheza. Miaka yote napita na debe langu moja, hakuna anayegeuka, Damari. Leo watu walisimama. Nikaona kama nikinyamaza wataketi."

Nilikasirika, na hasira hiyo ilikaa nami wiki nyingi, sitaki kujifanya mtakatifu. Lakini kila nilipotaka kumwambia neno baya nilijikumbuka mwenyewe nikiwa kwenye foleni, natembea kwa madaha ili wenzangu wenye watoto watatu wanitazame, na neno lilikwama. Tulikuwa watu wawili wa damu moja, tumefanya kitu kimoja asubuhi moja.

Mchungaji nilimpigia mara moja. Kabla sijafungua mdomo aliniambia kwaya yake sasa inafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na kila siku wanaanza kwa kuniombea mimi kwa jina. Nikamshukuru nikakata simu. Kwa Fundi Ndahani nilikwenda nikiwa nimebeba koti jipya, nikamweleza tangu mwanzo bila kuruka hata yule jogoo. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akajaribisha koti, akasema linambana mabega, kisha akaniandika kwenye orodha yake, nafasi ya mwisho kabisa, na kuniambia niombee macho yake.

Kwa hiyo nimeapa. Kitu ninachokipenda sitakitembeza tena mbele ya watu kwa ajili ya kuonekana, na nikiombewa nitasikiliza sentensi mpaka mwisho kabla ya kusema Amina. Mama naye nilimwapisha kwa simu juzi, maana mavuno yamekaribia tena na mchungaji yule yule amealikwa. Aliapa vizuri, kwa jina la marehemu bibi. Akasema hatatoa tena kitu cha mtu, wala hatazungumza kwa niaba yangu, wala hatacheza kabla hajaniangalia uso. Nikamwambia asante mama, nimefurahi.

"Lakini watu wameanza kuuliza," akasema. "Mwaka huu tunatoa nini?"